Machungwa Yaliyochelewa Kuanguka

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe saba Julai, mwaka sabini na sita, Saba Saba yenyewe, jua likiwa limekwisha kupanda juu ya mabega ya Uluguru na bendera ya Chama imefungwa kwenye mgomba kwa kukosa mlingoti. Siku hiyo Mwinshehe alitoka nyumbani kwake Lukwale, kitongoji kilichoning'inia juu ya Kinole, akiwa na mke. Jioni alirudi na kanga yake.

Watu wa Lukwale walikuwa wamejenga ulalo, daraja la magogo mawili yaliyopigiliwa mbao, kuvuka kijito kinachoteremka mlimani kwa makelele. Miti ilikuwa yao, jasho lao. Kitu kimoja tu kilikuwa cha serikali: kamba ya kushikia mkono. Na hiyo ndiyo haikuja. Katani imelala bondeni kuanzia Ngerengere mpaka macho yanachoka, lakini ya kupanda mlima kuwafikia wenye miguu haikuonekana. Nguzo za kamba zikabaki zimesimama kando ya ulalo, kama wageni waliokaribishwa karamu wasiletewe chakula.

Siku hiyo watu wa filamu walikuja kuupiga picha ukivukwa, na Mwinshehe alisema wasubiri kamba. Alisema mbele za watu, si pembeni. Katibu Kata, Stephano, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akamjibu huku anatazama saa:

"Mzee Mwinshehe, watu wa filamu wanarudi Dar es Salaam kesho asubuhi. Unataka taifa zima likae linasubiri kamba yako?"

"Sitaki taifa lisubiri. Nataka wanawake wasubiri."

"Ndiyo yale yale."

Watu wakacheka. Kiongozi akisema kitu chenye umbo la mzaha, watu hucheka kwanza, kufikiri ni baadaye.

Bwana wa picha alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya mkeka. Aliweka mashine yake juu ya miguu mitatu ng'ambo ya pili, akaagiza wanawake wavuke wakiwa na vikapu vya machungwa kichwani, wanaimba, wasiangalie chini. Akamsimamisha Mwinshehe mwisho wa ulalo, upande wa kutokea. "Wewe mzee una sura nzuri ya mkulima. Simama hapo kama nguzo. Usitikisike, usimtazame mtu. Ukitikisika unaniharibia picha."

Wakavuka mara ya kwanza. Akasema vizuri, rudieni. Wakavuka mara ya pili. Akasema vizuri sana, sasa moja ya mwisho. Rasharasha za maji zilikuwa zimeshalowesha mbao, na nyayo za safari mbili zimeleta utelezi wa udongo. Na mara hiyo ya mwisho Mwinshehe alisikia jambo ambalo hakulitilia maanani mpaka baadaye sana: sauti ya mashine ilibadilika. Mwanzo ilikuwa inatatarika kama cherehani. Sasa ililia kwa ukali, kama nyuki waliochokozwa.

Chausiku, mkewe, alikuwa wa tatu katika mstari. Alipobakiza kama hatua moja na nusu amfikie mumewe, mguu ukamtoka. Yakawa yamekwisha. Mwinshehe hakumwona akianguka. Alimwona akiwapo, kisha akaona ulalo mtupu na machungwa yanakwenda na maji. Walimkuta chini kwenye mawe.

Katibu alikuja mazishini, akahutubia. Alisema marehemu amekufa katika ujenzi wa taifa. Kamba haikutajwa.

Ikapita arobaini. Ukaja mfungo, ukaisha. Wiki moja baada ya Idi likaja gari la sinema, likasimama kwenye kiwanja cha shule Kinole, na kipaza sauti kikatangaza kwamba leo wananchi watajiona wenyewe. Watu walishuka kutoka vitongoji vyote na mikeka yao. Mwinshehe hakutaka kwenda, lakini binti yake Mwanaidi, wa miaka saba, alimshika shati. "Baba, twende tukamwone mama." Utamwambiaje mtoto hapana kwa neno kama hilo?

Giza lilipoingia vizuri, mwanga ukapiga kwenye shuka. Ikaonekana Kinole, migomba, ukungu. Ukaonekana ulalo. Na hapo kila kitu kikawa kizito, kama watu waliotumbukizwa kwenye asali. Wanawake wakavuka taratibu, mguu unanyanyuka, unakaa hewani, unafikiri, ndipo unatua. Hakukuwa na sauti ila muziki wa bendi fulani uliobandikwa juu yake. Chausiku akatokea. Kanga yake ikapepea polepole kama inayoogelea. Watu wakasema, "Aaa!" kwa jinsi alivyopendeza.

Kisha mguu ukateleza. Uliteleza kwa muda mrefu. Kikapu kikainuka kutoka kichwani, kikajiinamia, na machungwa yakatoka moja moja, yakakaa hewani yanazunguka, unaweza kuona hata kikonyo cha kila moja. Chausiku akaegama ubavu, mdomo wazi, mkono wa kulia umeinuka, anashuka kama jani. Na hapo kando, hatua moja na nusu, amesimama mumewe Mwinshehe, ameelekeza uso mbele kama nguzo ya nyumba.

Picha ikakatika. Yakaja matrekta mekundu ya mahali pengine.

Ikatoka gizani sauti ya shemeji yake, Ahmadi, kaka mkubwa wa Chausiku, mtu mzito asiyependa kupayuka:

"Shemeji. Muda wote ule?"

Neno jingine halikuhitajika.

Asubuhi kesi ilikuwa imeshahukumiwa kwenye kila jiko. Watu waliokuwapo kwenye ulalo siku ile, waliokuwa wanaapa kwamba mama wa watu alitoweka kama cheche, sasa walisema, "Hapana, bwana, tulidhani tu. Picha imeonyesha. Alianguka taratibu, mtu ungeweza kumaliza kikombe cha chai ndipo ukamdake." Macho yao wenyewe waliyakana, wakaamini shuka.

Na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa mama. Mwinshehe alikuwa ameoa akaja kulima kwa mkewe. Nyumba, migomba, michungwa, hata Mwanaidi mwenyewe, vyote ni vya ukoo wa Chausiku. Katibu alikuwa akihubiri kwamba siku hizi ardhi ni ya taifa, ila hakuna mtu aliyewahi kumwona huyo taifa akija kupalilia. Mgane mwema huachwa akae na wanawe azeeke. Mume aliyemtazama mke akifa hufungiwa mzigo wake, akaonyeshwa njia, na mtoto hubaki. Ahmadi akaitisha kikao cha ukoo siku ya Jumamosi.

Mwinshehe hakulala kitandani akalia. Kulikuwa na kitu kinamwasha kuliko hata hofu. Machungwa yale. Yeye amechuma machungwa tangu utoto. Ameyaona yakidondoka kutoka kwenye matawi, kwenye magunia, kwenye mikono ya watoto. Hajawahi kuona chungwa linaloshuka kwa heshima vile. Mkewe anaweza kusingiziwa, yeye pia, lakini chungwa nani kalifundisha kuanguka polepole?

Bahati gari la sinema lilikuwa halijaondoka. Springi ilikuwa imevunjika kwenye mawe, na mwendeshaji wake, Leonard, mzaliwa wa Kilakala, amekaa chini ya uvuli wa gari lake anasubiri fundi kutoka mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ile shuka?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Nataka kukuuliza. Kwenye shuka yako machungwa yanaanguka kama manyoya. Ni machungwa ya wapi hayo?"

Leonard akacheka, kisha akamtazama vizuri, akaujua ule uso uliosimama mwisho wa ulalo. Kicheko kikamkauka. "Ulikuwa mke wako? Mzee, nisamehe. Wallahi sisi hatukuambiwa. Aliyeiunga filamu kule Dar alifikiri ni mama kajikwaa tu, akaona machungwa yanapendeza."

"Hakuambiwa na nani?"

"Na wakubwa."

"Eee. Hao nawajua."

Leonard akaingia garini, akatoka na gurudumu la filamu, akavuta utepe wake akauinua juani. Mwinshehe akaona kitu ambacho hakuwahi kukifikiria: picha ndogondogo, moja chini ya nyingine, kila moja imesimama kimya. Chausiku na kikapu. Chausiku na kikapu. Chausiku na kikapu kilichoinama kidogo.

"Kumbe haziendi?"

"Haziendi. Mashine ndiyo inazipitisha mbele ya taa, ishirini na nne kwa sekunde moja, jicho linadanganyika linaona mwendo. Na mashine ya kupigia nayo kwa kawaida hupiga ishirini na nne, basi mwendo unalingana. Lakini mara ile ya mwisho, nilisimuliwa kule Dar, bwana wa picha aliweka mashine mpya, imeletwa kwa ajili ya kupiga wanariadha. Alitaka kuijaribu. Hiyo inameza picha mia na ishirini kwa sekunde."

"Ndiyo ile iliyolia kama nyuki."

"Uliisikia?"

"Niliisikia." Mwinshehe akawa anachora chini kwa kidole cha mguu. "Subiri. Mtu anapanda maharage, anabana mbegu, tano mahali pa moja. Halafu anakuja mpaliliaji wake, mwendo wake ni ule ule, kila shina anasimama. Shamba ni lile lile, lakini huyu atachelewa kufika mwisho mara tano."

"Hapo hapo, mzee! Muda ni ule ule, ila umebanwa picha. Ukiupitisha kwa mwendo wa kawaida, unavimba."

"Kwa hiyo sekunde moja ya kwangu wameivuta ikawa tano."

"Ndiyo."

"Na hizo nne za ziada nilizoongezewa, nimeongezewa lawama ndani yake." Akatema mate pembeni. "Kamba walishindwa kuleta. Dakika wameweza kuzirefusha."

Lakini hata katika uchungu ule, hakuondoka. Aliomba ashike utepe mwenyewe. Akakaa mpaka adhuhuri anapitisha picha moja baada ya nyingine juani, kama mtu anayesoma, yeye ambaye kusoma kwake kuliishia kwenye kuandika jina. Lilimstaajabisha jambo moja: kwamba ndani ya kufumba na kufumbua mmekaa vitu vingi hivi. Unyayo wa Chausiku uliokunja vidole kushika ubao. Hereni iliyoruka mbele kabla ya sikio. Miaka kumi na minne ameishi naye, na hajawahi kumwona namna hii.

Jumamosi kikao kikakaa uani kwa Ahmadi. Mwinshehe alikuja na Leonard. Leonard akaeleza, kwa adabu, habari za ishirini na nne na mia na ishirini. Wazee wakamsikiliza kama unavyomsikiliza mchuuzi wa dawa ya meno.

"Kijana," akasema Ahmadi, "wewe juzi ulisimama kwenye kipaza sauti ukasema tutajiona wenyewe. Leo unasema tuliyoyaona siyo. Tukuamini yupi, wa juzi au wa leo?"

Na hapo akasimama Mwaisha.

Mwaisha alikuwa mtani wa ukoo ule. Kwenye matanga ya Chausiku ndiye aliyevaa kanga ya marehemu akaigiza mwendo wake mpaka waliokuwa wanalia wakacheka, maana mtani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Akisema, hakuna kununa.

"Mimi nina swali kwa shemeji yangu Nguzo," akaanza, akasimama mbele ya Mwinshehe, mikono imenyooka, macho yametoka. "Hivi ndivyo ulivyosimama? Kunguru hakujenga kiota?"

Watu wakaangua kicheko. Mwinshehe akainamisha uso.

"Aa, msicheke sana, zamu zinakuja." Akageuka. "Ahmadi, mtani wangu, mwenye tumbo la mjamzito. Simama hapa. Nyooka. Tazama kule kwenye mnazi. Usitikisike, utaniharibia picha."

Ahmadi akakataa, watu wakampigia kelele, akasimama. Mwaisha akajitwika kikapu chenye machungwa ya mwisho ya msimu, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, hatua moja na nusu kutoka alipo Ahmadi. "Ninaanguka, mtani. Unidake hata chungwa moja. Moja tu, nikusifu mpaka Matombo."

Akaanza kuimba wimbo wa siku ile. Akaimba, akaimba, na Ahmadi akaanza kuchoka kutazama mnazi. Ghafla kikapu kikapinduka. Pu, pu, pu! Machungwa yalikuwa chini kabla Ahmadi hajageuza shingo. Uani kukawa na vifijo.

"Umenivizia!" Ahmadi akafoka. "Hukusema sasa!"

"Na ulalo ulimpigia Chausiku hodi?"

Kicheko kikakatika kama kamba. Mwaisha akashuka kwenye kinu, akaanza kuokota machungwa bila kumtazama mtu.

"Tena," akasema Ahmadi kwa sauti ya chini.

Wakarudia. Mara hii alikuwa amejiandaa, magoti yamelegea, na bado vidole vyake vilifumba hewa. Mara nyingine tena, hewa. Mzee mmoja akajaribu, naye akapiga hewa. Uani pakawa kama mchezo, wanaume wazima wanaruka, machungwa yanapasuka, harufu yake imejaa mahali pote, na kila mmoja anataka kujua: hivi kweli ni haraka kiasi hiki? Yakitoka kwenye kikapu mpaka chini, hata bismillahi haiishi. Na kule kwenye shuka wote walikuwa wameweza kuhesabu vikonyo.

Mwishowe Ahmadi akakaa chini, anahema. Akamtazama Leonard.

"Fundi wa gari amekuja?"

"Amekuja. Naondoka kesho."

"Basi tuonyeshe tena jioni hii. Ile ile. Tumeshayajua machungwa, sasa tukatazame na mengine."

Jioni walikuwa ukoo tu, mbele ya shuka, bila kipaza sauti na bila muziki, maana Leonard aliuzima. Ilisikika mashine tu ikitatarika. Ulalo ukaja. Wanawake wakaja, ule mwendo wa asali. Lakini sasa hakuna aliyesema aaa. Walikuwa wanatazama kama watu wanaotafuta sindano kwenye mchanga.

"Zile nguzo," akasema mzee mmoja. "Tazameni. Hazina kamba."

"Niliwaambia," akasema Mwinshehe.

"Ulisema," akajibu Ahmadi. "Nilikuwapo. Nilicheka."

Mguu ukateleza. Kikapu kikainuka. Machungwa yakatoka, yakaning'inia. Mkono wa kulia wa Chausiku ukapanda, vidole vimetawanyika, kuelekea mahali alipo mumewe. Na Mwaisha, ambaye hakuwa anatazama machungwa wala marehemu, akapiga ukelele:

"Mkono! Mkono wa Nguzo!"

Picha ikakatika. Yakaja matrekta.

"Rudisha," akasema Ahmadi.

Leonard akarudisha. Wote wakatazama pale mwisho wa ulalo. Ni kweli. Uso wa Mwinshehe umeelekea mbele, mwili umesimama kama ulivyoagizwa, lakini chini, ubavuni, mkono wake wa kushoto umeachana na paja. Vidole vimefunguka. Umetoka, umefika kama upana wa kiganja, halafu kiwiko kinaanza kukunjika, na hapo hapo filamu imekatwa.

"Unakwenda!" akasema Mwaisha. "Anamfuata mkewe. Tazama vidole, hivyo ni vidole vya kupokea."

"Kiwiko kinakunjika," akasema mzee. "Mkono unaokwenda haukunjiki. Ule unarudi. Amekumbuka aliambiwa asitikisike."

"Mtu anakunja ili arushe mkono mbele!"

"Mtu anakunja ili aufiche!"

Leonard akarudisha mara nyingine, na nyingine, mpaka taa ikapata moto, akaogopa filamu itaungua. Ahmadi akauliza kipande kilichofuata kiko wapi. Leonard akasema kilikatwa kule Dar kwa sababu kiliharibu uzuri, na vilivyokatwa hufagiliwa.

"Kwa hiyo mwenye mkasi ndiye anayejua," akasema Ahmadi.

"Mwenye mkasi hakutazama mkono, mzee. Alitazama machungwa."

Ndipo wote wakamgeukia Mwinshehe mwenyewe. Alikuwa ameketi na Mwanaidi amemlalia mapajani, na mkono wa kushoto ameuweka wazi juu ya goti, anautazama kama mkono aliouazima kwa mtu. Alitafuta ndani ya kichwa chake. Alikumbuka baridi ya rasharasha. Alikumbuka nyuki. Alikumbuka sauti ya bwana mwenye kofia: usitikisike. Mkono hakuukumbuka. Ulifanya lililofanyika bila kumwambia, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuingia.

"Sijui," akasema. "Shemeji, ningejua ningekwambia. Hata kama ni baya."

Kisha Ahmadi akasema kikao kimeahirishwa. Mwanaume abaki kwake, apalilie, amlee mtoto, mpaka ukoo utakapokaa tena.

Gari likaondoka na utepe wake. Mwaka uliofuata Chama kikabadilishwa jina, na Katibu Stephano akapandishwa cheo, akapewa mahali penye umeme. Kamba ya katani ikaletwa Lukwale kwa sherehe. Mwinshehe akazeeka kwenye shamba lile lile, chini ya michungwa ile ile, na ukoo haujakaa tena hadi leo. Kila msimu, chungwa likidondoka karibu naye, mkono wake wa kushoto hushtuka wenyewe, na kila mara huutazama akiwa amechelewa: ule mkono, siku ile, ulikuwa unakwenda au unarudi?